Ng'ombe Wanane Waliorudi Kwao

Sabina hakuwa na ugomvi na yule mwanamke wa Kirumba. Aliyemtaka Ngosha na amchukue, yeye na kikohozi chake cha sigara. Alichokiombea Sabina kila alfajiri, rozari mkononi, ni mashine ya kusaga tu.

Mashine ilikuwa pale Igoma, kwenye kibanda cha mabati, tangu mwaka wa tisini na moja, serikali ilipolegeza kamba na kila mwenye nguvu akaruhusiwa kujitafutia. Ngosha alinunua injini kwa fedha za sangara. Sabina alinunua kinu kwa fedha za mpunga wa kwao. Baada ya hapo, kwa miaka minne, aliyeamka ni Sabina, aliyewasha ni Sabina, na aliyerudi jioni mweupe mpaka kwenye kope ni Sabina. Ngosha alifika Jumamosi kuchukua mapato. Watoto wao wawili walisoma kwa unga ule.

Siku baraza la usuluhishi lilipokaa kuwaachanisha, Mzee Pius, karani mstaafu, alisali, akavaa miwani, akauliza wagawane vipi.

"Mimi ni mtu wa haki," alisema Ngosha. "Nusu kwa nusu."

Basi ikawa nusu kwa nusu. Vikombe vitatu huku, vitatu kule. Ngosha akachukua kitanda, Sabina godoro. Chandarua kilikatwa kwa mkasi mbele ya wazee, na mbu nao wakapata haki yao. Hata deni la dizeli liligawanywa, kila mmoja akatia sahihi.

"Mashine je?" aliuliza Mzee Pius.

"Mimi injini, yeye kinu."

Mama Mwaija, muuza mitumba aliyekuwa mjumbe wa baraza, aliacha kujipepea. "Kinu bila injini kitasaga nini, baba?"

"Hiyo ni shida ya kinu."

"Na injini bila kinu?"

"Nitakaa niisikilize ikinguruma. Ni yangu."

Mzee Pius akaandika. Sabina alihisi rozari inamteleza vidoleni. Lakini Ngosha alikuwa hajamaliza.

"Tena kuna mahari. Nilitoa ng'ombe kumi. Wawili tuliwala harusini. Wanane warudi. Wasiporudi, na kinu nachukua."

Baraza likampa Sabina wiki mbili. Baba yake alikuwa kaburini, kwa hiyo alimwita kaka yake, Yeremia.

"Dada yangu, nikufiche nini?" alisema Yeremia mbele ya wazee, kikao cha pili kilipofika. "Wale wanane ndio nilioolea Hellen. Wako kwa baba mkwe, Sengerema. Niliona nije naye."

Mzee Shimba, baba yake Hellen, aliyevuka na kivuko cha asubuhi, alisimama akiegemea fimbo. "Nilipokea wanane, sikatai. Sikukaa nao hata mwezi. Nilimwolea mpwa wangu, hana baba. Huyo anakuja nyuma, alikuwa anafunga baiskeli."

Mlango ukafunguka, akaingia kijana mrefu, kofia mkononi. Aliposalimia wazee shikamoo, Ngosha alinyanyuka kwa furaha.

"Ah! Shemeji Chenge! Umefuata nini huku?"

Chenge alikuwa amemwoa Ng'washi, dada yake Ngosha. Harusi ilifanyika wakati Ngosha yuko Nansio akifukuzana na sangara; alituma salamu na kanga mbili, mahari akapokea mama yake.

"Nimeitwa na mjomba, shemeji," alisema Chenge, akitazama chini. "Kuhusu ng'ombe wale wanane. Niliwapeleka Bujora."

"Bujora kwa nani?" aliuliza Ngosha.

Mama Mwaija aliingiza pindo la kanga mdomoni akaling'ata.

Mzee Pius alituma baiskeli Bujora, na mchana akaletwa Bibi Kashindye, mama yake Ngosha. Alipochungulia akamwona Chenge, akageuka haraka. Kwa mila yao, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai chumba kimoja. Akaweka kigoda nje chini ya dirisha, akawapa mgongo, ushahidi wake ukaingia kwa sauti tu.

"Wapo," ilisema sauti. "Wanane walikuja, sasa ni kumi na watatu. Mmoja yule mwekundu wa pembe iliyopinda. Nilimjua tangu anaingia zizini. Nikasema, huyu si ndiye tuliyemtoa mahari kwa Sabina? Nikanyamaza. Baraka haiulizwi njia iliyopita."

"Mayu!" alisema Ngosha. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja lini?"

Ngosha alijikuna shingo, kisha akatabasamu. "Basi ng'ombe wameonekana. Deni limelipwa, au halijalipwa? Andika wanarudi kwangu."

"Watatoka kwako warudi kwako?" aliuliza Mzee Pius, kalamu hewani.

Hapo Sabina akasimama. Alikuwa hajasema neno vikao viwili, alikuwa anaangalia tu, kama anayengoja unga utoke kwenye mdomo wa kinu.

"Wazee wangu, mimi nitalipa," alisema. "Mkristo hafi na deni. Yeremia amrudishe Hellen kwao, apewe ng'ombe wake anipe mimi. Mzee Shimba ili awapate, awadai kwa Chenge. Chenge naye amrudishe Ng'washi Bujora, ndipo afunguliwe wanane. Waende Sengerema, wavuke kivuko, waje Igoma. Nitamkabidhi Ngosha, naye awapeleke Bujora walikotoka. Nauli ya kivuko tugawane nusu kwa nusu."

Yeremia alishika kichwa. Mzee Shimba alimpigia hesabu binti yake Hellen akirudi na mizigo, akakaa chini.

"Na Ng'washi ana watoto watano!" ilisema sauti dirishani. "Mimi nina chumba kimoja. Watalala Kirumba kwa mjomba wao, Ngosha. Waambieni watandike."

"Sabina," alisema Ngosha, "hakuna haraka ya kulipa."

"Ipo. Naona aibu kudaiwa."

"Nimesamehe. Andika nimesamehe!"

"Msamaha sitaki, nitasemwa. Nataka kulipa."

Ngosha alimtazama Mzee Pius, akamtazama shemeji yake, akatazama dirisha. "Unataka nini ili usinilipe?"

"Injini," alisema Sabina.

Ikaandikwa hivyo: Ngosha wa Mayala anatoa injini, na Sabina kwa upande wake anakubali kutolipa. Karatasi ile bado iko kwenye kopo la biskuti, karibu na vyeti vya ubatizo.

Jumatatu aliwasha mashine kabla ya jogoo. Ile nusu yake ya chandarua alikuwa ameishona juu ya fremu ya mbao, imekuwa chekeche la unga. Mteja wa kwanza alikuwa Bibi Kashindye, debe la mahindi kichwani.

"Utanipunguzia, mwanangu?"

"Shikamoo, mayu. Nusu kwa nusu."