Kushoto kwa Mwenye Meno

Mashua ya mizigo aliyopanda Suhail iliondoka Wesha kwenda Tanga na haikufika. Miezi kumi na moja ilikuwa imepita, na pale Vitongoji kila mwenye ulimi alikuwa na la kumwambia mkewe, Khairiya. Nenda kwa kadhi. Kaa eda, mwanamke. Utakaa hivyo mpaka lini, si mke si mjane? Khairiya aliitikia "naam, naam," kisha akarudi kituoni kwake kung'oa meno, maana mgonjwa aliyeachama hawezi kumpa mtu ushauri.

Alikuwa tabibu wa meno, na alikuwa mkali kwa jambo moja: hakutaka mtu aje aseme "jino linaniuma" halafu aishie hapo. Jino gani? Haya ya mbele ni makato, ya kukatia. Hili lenye ncha ni chonge. Ya nyuma ni magego, ya kusagia. Kinachoonekana ni taji, kilichozama ndani ya taya ni mzizi. Mama mkwe wake, Bi Mwanapili, alikuwa akimcheka sana.

"Mie yote nayatafunia tu," alimwambia. "Weye wayapa majina kama watoto."

Bi Mwanapili mwenyewe hakuwa amekubali hata siku moja kwamba mwanawe amekufa. Kila walipopakua chakula, sahani ya Suhail ilipakuliwa na kufunikwa kawa, na ole wake atakayeigusa.

Alhamisi asubuhi askari Matano aliingia kituoni na furushi la kitambaa. Wachimba chambo walikuwa wameokota fuvu la mtu kwenye mikoko. Mwili haukuwapo. Huyo asiyejulikana alipaswa kuzikwa siku ile ile, na Matano alitaka kujua azikwe kwa jina la nani. Alikuwa amesikia kuwa Suhail aliwahi kutibiwa meno pale na kadi yake ipo.

Ilikuwapo. Khairiya ndiye aliyeiandika, mwaka wao wa kwanza wa ndoa.

"Afadhali asome mwengine," alisema.

"Mwengine yupi, bibie? Mwenzio yuko likizo Unguja."

Bi Mwanapili alikuwa amekwisha pata habari na kuja mbio, buibui kalivaa upande. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akakunja mikono mapajani, akasema wasome, yeye hana wasiwasi.

Matano alikifungua kitambaa juu ya meza. Meno ya juu karibu yote yalikuwa yamepukutika, lakini taya la chini lilikuwa zima. Alilinyanyua kwa adabu, kidevu kikimwelekea yeye, akangoja. Khairiya aliikazia macho kadi asije akatazama kwengine.

"Taya la chini," alisoma. "Gego la kwanza kushoto, limeng'olewa. Gego la pili kulia, limezibwa."

Matano aliinamisha kichwa. Akatazama mkono wake wa kushoto, akatazama wa kulia, akarudia tena. Kisha uso ukamchanua. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na haraka.

"Siye! Pengo lipo huku kulia, na lililozibwa liko kushoto. Kinyume kabisa. Bi Mwanapili, huyu si mwanao."

Bi Mwanapili alishuka kwenye benchi na kusujudu pale pale sakafuni. "Alhamdulillahi," alisema, akarudia na kurudia, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "N'liwambia mie! N'liwambia!"

Khairiya hakusujudu. Katika kazi yake, kushoto ni kushoto kwa mwenye meno, si kwa anayemtazama, na Matano alikuwa amelishika lile taya uso kwa uso. Zaidi ya hayo, sasa alikuwa ametazama. Aliliona lile gego lililozibwa, na ukingoni pale dawa iliyozidi kidogo. Siku alipoliziba, Suhail alikuwa akimchekesha na mkono ukamteleza. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, asingeweza kuikosea.

Angenyamaza. Wallahi alitaka kunyamaza. Neno moja la askari lilikuwa limemrudishia mume, na mama yule alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu mashua ipotee. Lakini Matano alikuwa amekwisha anza kulifunga furushi lake, na Suhail alikuwa anakwenda kuzikwa kama mtu asiye na kwao.

"Ligeuze," alisema.

"Nini?"

"Ligeuze, kidevu kielekee kule unakotazama wewe. Halafu nisome tena."

Alisoma tena. Matano alitazama kushoto kwake: pengo; akatazama kulia kwake: lililozibwa.

Bi Mwanapili alinyanyuka polepole, vumbi la sakafu likiwa bado kwenye paji la uso. Aliwatazama wote wawili, akaelewa.

"Ungen'acha, Khairiya," alisema. "Ungen'acha japo mpaka magharibi."

"Nisamehe, mama."

Bi Mwanapili alisogea mezani, akanyoosha mikono, na Matano akampa. Alilipakata taya lile kwenye mtandio wake.

"Haya n'ambie majina yao."

Khairiya alianza mbele, akigusa moja moja. Kato. Kato. Chonge. Magego madogo mawili. Alipofika kwenye pengo akaishia hapo.

Bi Mwanapili alikipitisha kidole chake hapo penye pengo, huku na huku, kama anayempangusa mtoto mdomo.

"Lilimuuma, ulipoling'oa?"

"Hapana, mama. Nilimpiga sindano ya ganzi."

"Vyema," alisema Bi Mwanapili. "Vyema, mwanangu." Ndipo akalia.