Jengo Lililokaa Eda

Usiku wa jana niliota nimefika kazini nikakuta jengo letu la maduka, pale Salasala, limekaa mkekani, limejitanda shuka jeupe na kukunja miguu.

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu ndilo pekee lililobaki mle ndani. Siku hiyo jengo lilikuwa livunjwe, duka langu likiwemo, kupisha ghorofa la kupangisha. Nilikuwa nimelia mpaka cherehani ikaniomba ninyamaze, eti naitia kutu.

"Shikamoo," nikaliambia jengo, maana limenilea.

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka."

"Kulikoni?"

"Niko eda. Tangu supamaketi aniache mjane, taa siwashi, marashi sijipaki, wageni sipokei. Nyinyi mnasema biashara imekufa. Aliyekufa ni mume wangu."

Niliona haya. Wapangaji wenzangu walihama wakilaumu barabara mpya, kumbe mfiwa yuko ndani na hakuna aliyempelekea hata uji.

Mara tuko getini. Buldoza amesimama nje, anakohoa.

"Hodi," anasema.

"Ingia basi," anamhimiza Injinia Ngailo, msimamizi wa ubomoaji, mtu wa kofia ngumu na haraka nyingi.

"Siingii. Ndani kuna mwenye eda, na mimi mwanamume."

Injinia ananigeukia. "Mama, mimi nina nia njema. Nataka kumwanzishia maisha mapya."

"Ndiyo uje kuposa ndani ya eda?"

Anavua kofia yake ngumu, anaikunja kama leso na kuitia mfukoni. Anasema kwao hakufundishwa. Namwonea huruma, ila si sana.

"Eda inaisha leo," inatangaza ngazi ya umeme, ikishuka na ndoo ya maji. "Somo wake, wa kumtoa edani, yuko wapi?"

Wote wananitazama mimi.

Ghafla ghorofa ya juu imekuwa uani kwa bibi yangu, na humo tunaliogesha jengo, nalo linaenea vizuri tu. Tunalifukiza udi. Nalipima gauni, lakini futi yangu inazunguka kiuno na haifiki mwisho.

"Usinicheke," linasema. "Nimezaa maduka mengi, na benki mbili."

Wachumba wanaingia. Wa kwanza ni ghorofa la kupangisha, refu, limenyooka, haliwezi hata kuinama kusalimia. Linasema litakaa likishavunja kila kitu. Jengo linapiga mwayo.

Wa pili ni soko la kando ya barabara, lile linalofukuzwa na mgambo kila mara. Lina tope miguuni na kapu la bilingani mkononi.

"Sina nyumba," linasema, "ila nina watu."

Jengo linacheka mpaka vioo vinatetemeka. "Mimi nina nyumba, sina watu."

"Kila shetani na mbuya wake," inanong'ona ngazi ya umeme.

"Mahari yangu ni paa lisilovuja," linaendelea jengo. "Na fundi wangu asitolewe mlangoni pangu."

Injinia Ngailo anainua kidole kama mwanafunzi. "Na mimi?"

"Wewe utakuwa mshenga."

Anafurahi mpaka machozi yanamtoka. Wauza nyanya wanapiga vigelegele, buldoza anacheza pale pale nje ya geti, kwa uangalifu asije akagusa ukuta, na mimi nashona, nacheka, nashona. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Simu ikaniamsha. Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Alikuwa Injinia Ngailo, yule yule ambaye siku zote ameniita "mpangaji."

"Samahani, somo," alisema. "Niko getini na lori la mabati. Ramani imebadilika, tunatengeneza paa, chini patakuwa soko. Duka lako libaki palepale. Sasa walinzi wamefungua, lakini sijui nina nini, naona aibu kuingia hivi hivi."

Nilikaa kitandani. Nikamwambia apige hodi kisha aingie, eda imekwisha.

"Haya, ahsante," akasema.

Hakuuliza eda ya nani.