Sketi Sitini za Lisette

Watu wa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, bado wananisifu kwamba wakati wa vita nilimpokea mkimbizi nyumbani kwangu, nikamlisha, nikamlaza kitandani mwa binti yangu aliyeolewa. Wakinisifu natazama pembeni. Ningekuwa na ujasiri ningewaambia: mtu yule nilimharibu mimi, tena kwa mikono hii hii iliyompakulia ugali.

Jina lake Lisette. Alivuka mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, mwaka 1996, vita vya kwao vilipomtoa, akapanga chumba Buterere, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, ambako mvua ikinyesha sana maji yanakuingilia bila hodi. Mimi nilikuwa na kibanda cha ushonaji, na macho yangu yalishaanza kugombana na tundu la sindano. Akaja kuomba kazi. Nikampa gauni la kujaribu. Alilianza, akaliacha, akashika suruali ya mteja mwingine, akafumua kola ya shati, akatoka kumtazama mtu wa baiskeli, na saa sita nilikuwa na nguo tatu mezani, hakuna hata moja iliyokwisha. Nikamuuliza, "Kwenu hakuna mutu alikufundisha kumaliza kitu?"

Akacheka, lakini macho yalimjaa machozi. "Nikiona kazi mingi, kichwa yangu inakimbia kila upande. Ku masomo walikuwa wananiita muvivu. Mi siko muvivu, dada."

Leo naambiwa hali ile ina jina hospitalini. Wakati ule jina lilikuwa hilo hilo moja, uvivu, na nusu yangu ililiamini. Kilichonizuia kumfukuza ni mshono wa lile gauni. Upande aliokuwa ameumaliza ulinyooka kuliko mshono wowote nilioutoa mimi kwa miaka ishirini.

Basi tukatafuta njia, na sijui ni nani kati yetu aliyeipata. Mimi nilikata vitambaa, nikavifungia sandukuni, na sanduku nikalikalia. Nilimpa kipande kimoja. Akikimaliza simpi kingine. Kwanza namtuma maji bombani, au samaki wadogo wa ndagala sokoni, na akirudi amekuwa mpya. Wateja walidhani namtesa. "Assia, huyu fundi wako mbona kutwa yuko barabarani?" Niliwajibu waende wakatafute fundi anayekaa. Kutumwa-tumwa kwake kulitoa nguo nyingi kuliko mafundi wawili waliokaa.

Na adhana ya alasiri ikilia, kazi imekwisha. Nampindulia kiti juu ya meza, hata kama sindano iko katikati ya mfuko, mimi naenda kusali, yeye anashika njia ya Buterere kabla askari hawajaifunga. Hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu Lisette akishashika moto hajui kusimama. Hasikii njaa, hasikii kiu, anaweza kushona mpaka vidole vitoe damu, kisha alale siku tatu. Mwanzoni aligombana nami. Baadaye, Mprotestanti wa watu, akaanza kuingoja adhana kuliko mimi. "Sikiliza, dada, Mungu wako amenihurumia," alisema, akinyoosha mgongo. Karibu miaka miwili tulienda hivyo, na hakulala siku tatu hata mara moja.

Kisha bunduki zikalia upande wa uwanja wa ndege, jirani na Buterere, na njia ya kwao ikawa inafungwa mapema, siku nyingine haifunguliwi kabisa. Nikamwambia ahamie kwangu. Nilimhurumia, Mwenyezi Mungu anajua. Lakini moyo wa mtu una vyumba vingi, na katika chumba kimoja nilikuwa nawaza sketi. Shule moja ya Kinanira, kule mlimani, ilikuwa imeniagiza sketi sitini za marinda za kufungulia mwaka. Mkuu wa shule, Madame Geneviève, aliniambia nishone polepole, lakini kazi kubwa hivyo sikuwahi kuipata maishani, na niliogopa asije akabadili mawazo. Nikajiambia: hii couvre-feu, amri ya kutotoka nje, inatufungia ndani saa nyingi za bure, kwa nini tusizitumie? Tukaibeba cherehani mimi na Lisette, yeye kichwa, mimi miguu, mpaka chumbani alikolala.

Saa zile nilizoziita za bure ndizo zilizokuwa zikimponya. Vita, pamoja na ubaya wake wote, vilikuwa vinamlazimisha kupumzika. Mimi nikamnyang'anya hata hilo.

Vitambaa vyote sitini niliviweka chumbani mwake, maana sandukuni havikuenea. Siku za kwanza alishona akiimba. Adhana ilipolia nilienda kusali nikamwacha anaendesha, na niliporudi nilimpelekea chai na sifa.

"Dada, mbona siku hizi haupindue kiti?" aliniuliza akicheka.

"Tumalize kwanza, tutapumzika."

Punda afe, mzigo ufike. Tunalisema hilo kwa mzaha kila siku, na punda hakuna anayemuuliza.

Sketi thelathini na nane zilitoka kwa siku tisa. Ya thelathini na tisa aliishonea mkanda wa kiuno chini kwenye pindo. Nikacheka, nikaifumua. Iliyofuata akafanya vile vile. Akatafuta mkasi nao uko mkononi mwake, kisha akaketi sakafuni akalia kwa sauti. Chakula alikuwa hagusi tena.

"Dada, nipatie moja tu. Zingine uzitoe humu. Nikiziona naona giza."

Nami, niliyeijua dawa yake kuliko mtu yeyote duniani, nilikasirika. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa, risasi zilisikika kila siku. Sisemi hayo kujitetea. Nilimwambia, "Zinabaki makumi mbili na mbili tu. Usianze uvivu wako."

Neno hilo angelisema mtu mwingine, Lisette angelisahau. Nililisema mimi. Akarudi kwenye cherehani.

Siku mbili baadaye, sketi haijaongezeka hata moja, asubuhi nilimkuta amekaa, mguu uko juu ya pedali, kitambaa kiko chini ya sindano, haendeshi. Nikamwita. Akanitazama kwa adabu tu. "Mi nauambia mguu uende," alisema. "Haukubali."

Nilitoa cherehani, nikatoa vitambaa, nikampikia uji. Siku nne nilivumilia. Siku ya tano nikamuuliza, kwa sauti tamu, kama anaweza kumalizia hata mbili. Aliinuka akaenda kukaa, akashika uzi, akauzungusha vidoleni mpaka ukakatika.

Nikapanda Kinanira na zile sketi zilizokwisha, kuomba siku za nyongeza. Njia nzima nilikuwa natengeneza maneno. Madame Geneviève alinipokea uani, madarasa nyuma yake yana kufuli.

"Assia, haukupata habari? Hatufungue mwezi huu. Na ule mwingine, sijue. Wazazi wanaogopa barabara." Akazishika zile thelathini na nane, akayasifu marinda. "Lakini mi nilikuambia mushone polepole. Nani alikuwa anakukimbiza?"

Nilishuka kilima kile nikilia waziwazi, na watu walinipisha wakidhani natoka msibani.

Lisette alikaa kwangu miezi mitatu mingine. Alifagia, aliosha vyombo, alijibu akiulizwa. Kuimba, hakuimba tena. Akisikia cherehani ya jirani alihamia upande wa pili wa ua. Mara moja nilimpa kipande kimoja, leso tu ya kupindwa, nikamwambia haina siku. Ilikaa mapajani mwake tangu asubuhi hadi alasiri, kisha akanirudishia imekunjwa vizuri.

Mama yake mdogo akatuma mtu kutoka Uvira: kule nako si salama, lakini afadhali mtoto augulie kwao. Nilimsindikiza mpaka pale magari ya Uvira yanapopakia. Nikamwambia maneno tunayowaambia wasafiri wote, ya kusalimia nyumbani na kutosahauliana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Dada Assia, ulikuwa unanipenda mi, ao ulikuwa unapenda vile nashona?"

"Nilikupenda we," nilimwambia. Ni kweli, naapa ni kweli. Lakini nilikawia kulisema, kwa sababu alipouliza nilikuwa nawaza ni nani atakayenimalizia zile sketi ishirini na mbili. Naye aliuona ule ukimya. Akaniaga kwa mikono miwili, vile tulivyokuwa tunawaaga wateja, akapanda gari.