Jiwe Lililoshika Ulimi

Niliacha shule darasa la sita, lakini mawe nayajua. Miaka ishirini ya kujenga hapa Karungu imenifundisha: gonga nyundo, sikiliza, jiwe litajitaja lenyewe.

Lile nililochimbua kwenye shimo la choo lilikataa kujitaja. Lilikuwa la kahawia, limelika kwa ukale, kubwa kama sufuria ya ugali. Nililigonga kidogo, likalia kama kigae. Nikaliweka kando.

Choo chenyewe kilikuwa cha mama mkwe, aliyekuja kutoka kisiwa cha Rusinga kuona wajukuu. Kwetu mama mkwe hatumii choo kimoja na mkwe wake. Miaka kumi na minane nimekaa na mke wangu Pamela, mama yake hajawahi kuniita mkwe. Mimi ni "yule fundi". Nilitaka neno moja zuri tu kabla sijazeeka.

Kwa heshima hatukaribiani. Yeye alikaa kivulini, mimi shimoni, Pamela katikati akipeleka maneno.

"Muulize yule fundi jiwe lile kalitoa wapi."

"Mwambie humu shimoni. Halina kazi, nitalivunja liwe kokoto."

"Mwambie akilivunja narudi Rusinga leo!"

Nyundo ikaniponyoka. Ujanani mama huyu aliwaokotea wataalamu mifupa ya kale kule kwao.

"Pamela, mwambie alirambe."

"Mama! Baba Levi arambe uchafu wa shimo?"

"Jiwe la kawaida huteleza. Mfupa uliogeuka jiwe hushika ulimi."

Nikalifuta kwa shati, nikatoa ulimi mbele ya mama mkwe. Aibu gani hiyo! Ulimi ukanata.

"Inehika!" nikapiga kelele, jiwe likiwa bado ulimini. "Inehika!"

Pamela alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipoliosha, mistari ikatokea, vipande vimeungana kama vigae vya sakafu. Gamba la kobe wa zamani sana.

"Mwambie..." mama akaanza. Akaja mwenyewe hadi ukingoni, uso ameugeuza kando. "Mkwe wangu, wengine wangelivunja bila kufikiri. Wewe uliliweka kando. Asante."

"Nimwambie hivyo?" Pamela akauliza.

"Amesikia."

Tukawapigia simu watu wa makumbusho. Kisha nikaanza shimo jipya, hatua thelathini kando, nikiimba.

"Mkwe!" mama akapaza sauti kutoka kivulini. "Ukikuta jingine, ramba kwanza!"