Tepu ya Maskini

Jairus Otiende alikuwa seremala wa kampuni ya chai, huko juu ya Mogogosiek, lakini jina lake halikuvuma kwa sababu ya milango wala meza. Lilivuma kwa vitu vidogo. Akitoka kazini alikaa nje ya nyumba yake akitengeneza malori ya majani chai yanayotosha kiganjani, mabasi yenye mistari myembamba ubavuni, hata kanisa lenye msalaba wa njiti ya kiberiti. Watu walimwuliza mistari ile anaichora na nini, maana mkono wa binadamu hutetemeka. Naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha ujuzi, aliwaonyesha tepu.

Ni ile tepu ya karatasi, rangi ya uji mwepesi, inayouzwa kwenye maduka ya hadwea. Jina lake la Kiingereza, masking tape, limegongwa na mafundi wa huku mpaka likawa "maskini tepu". Lazarus, jirani wa mkono wa kushoto, mzee wa kanisa asiyeweza kuliona neno akaliacha lipite salama, aliligeuza tena akaiita tepu ya maskini.

"Sasa hii tepu ya maskini inafanya kazi gani?" aliuliza siku moja.

Jairus aliibandika kwanza kwenye suruali yake, ili gundi ipungue ukali isije ikang'oa rangi ya chini. Kisha akaibandika ubavuni mwa basi, akapitisha ukucha ukingoni, taratibu, pasibaki hata tundu la kupitisha rangi.

"Unaweka mahali hutaki rangi ifike," alisema. "Unapuliza. Ukibandua, pale chini hapajaguswa."

"Kumbe ni kama ile damu ya mlangoni kule Misri!" Lazarus alisema. "Mauti ikiona alama, inapita."

Walicheka wote, na Chepkorir, jirani wa mkono wa kulia, alicheka mpaka akamwaga maziwa aliyokuwa amewaletea. Zilikuwa siku nzuri zile, na hakuna aliyejua kwamba neno lile litahifadhiwa.

Mahali penyewe paliitwa Kambi ya Mto: safu za nyumba za matofali zenye mabati mekundu, chai mbele, chai nyuma, mto chini. Jairus alizaliwa hapo. Babake alitoka upande wa ziwa akaja kuchuma chai, akazeeka nayo, na shamba la kwao ndugu wakaligawana kwa kuwa hakuwahi kurudi kuliulizia. Kwa hiyo Jairus akisema nyumbani, hakuwa na mahali pengine pa kuelekeza kidole.

Halafu zikaja mashine za kuchuma. Zilinguruma asubuhi ndani ya ukungu kabla hujaziona, na kila zilipopita mikono kadhaa ilikosa kazi. Mikono ya Eucabeth, mkewe Jairus, ilikuwa miongoni mwa hiyo. Watu walianza kusalimiana huku wakipimana macho. Kambi ya juu kulikuwa na nyapara aliyesemekana kuwapelekea wakubwa majina ya watu wa kupunguzwa. Nyumba yake iliungua mchana kweupe, watu wamesimama wanatazama, nyumba za kushoto na kulia zikimwagiwa maji zisishike moto. Walipoulizwa nani aliwasha, kila mmoja alisema alikuwa mtoni.

Wakati huohuo ndipo alipofika Madam Christabel kutoka ofisi kuu, na gari safi na sauti ya upole, ile sauti ya daktari kabla ya sindano. Alitaka mfano wa shamba zima juu ya ubao mmoja: kiwanda, barabara, zahanati, kambi zote. Wafanyakazi wangealikwa ukumbini waone mpango mpya. Jairus alifurahi, tena sana. Alipasua mbao nyembamba za masanduku ya zamani ya chai, akakata vijumba vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akavipanga safu kwa safu kama vilivyo, akavigandisha kwa gundi yake bora.

Kila jioni Eucabeth aliuliza, "Baba Seth, na sisi umetuweka?"

"Nimetuweka."

"Na ile drum yangu ya maji?"

Drum lile la buluu lilikaa mbele ya mlango wao na kambi nzima ililijua. Eucabeth alikata ushanga mmoja wa buluu kwenye mkufu wake wa zamani akampa, naye akaugandisha mbele ya kile kijumba. Ukiinama vizuri, ulikuwa nyumbani.

Alikuwa ameshapaka kuta nyeupe na mapaa mekundu, imebaki rangi ya kijani ya chai tu, pale Madam Christabel alipoleta ramani nyingine. Aliikunjua juu ya meza ya karakana akaweka kidole kando ya mto.

"Hapa, fundi, paingie chai."

Jairus alitazama kidole, akatazama vijumba vyake. "Lakini hapa kuna watu, madam."

"Kwa sasa."

"Na wao wanajua?"

"Watajua wakiona. Ndiyo maana tunataka huu mfano, watu wanaelewa kitu wakikiona. Lakini usiseme huko nje, Jairus. Tumekuamini."

Alijaribu kung'oa vijumba kwa patasi, navyo vikataa; vilitoka na ubao. Madam Christabel alitazama saa yake akasema basi, avipulize kijani hivyohivyo. Vilivyo vidogo na vilivyopangwa vizuri, nani atajua si vichaka vya chai?

Hakusema. Hapa naomba tusimpambe: aliogopa. Aliogopa kupoteza karakana, maana Eucabeth alikuwa hana kazi; na aliogopa zaidi kuwa yeye ndiye mdomo wa kwanza kuitamka habari ile, kwa kuwa watu hawasahau uso wa aliyewaletea mabaya. Lazarus alimwuliza kwenye njia ya kanisani, "Fundi, huko karakana wanasema nini juu yetu?" Jairus akajibu kwamba yeye anapaka rangi tu.

Siku ya kupaka, mvua ya mchana iliwahi. Alifunika kiwanda kwa tepu, akafunika barabara, zahanati, kambi nyingine zote, nyumba ya meneja mpaka bustani yake ya maua. Ukucha ulipita kila ukingo. Alipomaliza ubao mzima ulikuwa rangi ya uji, isipokuwa chai na Kambi ya Mto, iliyokaa wazi imetulia. Maisha yake yote alikuwa akifunika kile anachokipenda. Leo alikuwa amefunika vyote isipokuwa kwao.

Alishika bunduki ya rangi, akaiweka chini. Akaishika tena. Ushanga wa buluu ulimtazama.

Alikata kipande cha tepu, kidogo kama ukucha, akakifunika kijumba chake na ushanga wake. Alijiambia kwamba hiki atakipaka baadaye kwa brashi, polepole, peke yake, kama mtu anavyomfumba macho marehemu wake mwenyewe. Na cha Lazarus je? Na cha Chepkorir, wa ukuta kwa ukuta? Havikumjia akilini. Ningependa kusema vilimjia, lakini havikumjia, na kosa lake lote limo humo.

Kisha akapuliza. Kambi ikaenda kijani, safu kwa safu, bila kelele yoyote.

Mvua haikuacha. Hewa ilikuwa imeloa, na rangi ikabaki ikinata kwenye kidole, hivi kwamba hakuthubutu kubandua chochote. Asubuhi, kabla hajapata nafasi na brashi yake, pikapu ya ofisi ilikuwa mlangoni na watu wanne wameushika ubao.

"Bado sijatoa tepu," alisema.

"Madam anasema utoe hukohuko," dereva akajibu. "Watu wapende."

Ukumbi ulijaa. Watu wa Kambi ya Mto walisimama mbele kwa sababu fundi alikuwa wao, Lazarus na kofia yake mkononi, Chepkorir karibu kabisa na meza. Eucabeth alikuwa amevaa leso mpya. Madam Christabel alizungumza kwa upole juu ya maendeleo, kisha akamwambia Jairus afungue.

Alianza na kiwanda. Tepu huvutwa kwa kuikunja nyuma, pembe kali, bila pupa. Ikavutika, na ukuta mweupe ukatokea chini yake safi, paa jekundu, mstari umenyooka. Watu wakapiga makofi. Alibandua barabara, wakapiga makofi. Alibandua zahanati, kambi ya juu, nyumba ya meneja, na kila alipobandua alizidi kupunguza mwendo. Vipande vilianguka miguuni pake.

"Na sisi tuko wapi?" Chepkorir aliuliza.

Wengine walianza kuinama, wakiufuata mto kwa kidole: daraja hili, kiwanda kile, sasa hapa inafaa kuwa sisi. Hapa ilikuwa kijani.

"Tutafika huko," alisema Madam Christabel. Kisha, kwa kuwa alipenda kazi nadhifu na hakujua aombalo, aliongeza, "Fundi, umesahau kimoja. Hapo, kando ya mto."

"Hicho kiache tu, madam."

"Kinaonekana kama uchafu. Toa."

Jairus alitazama mlango wa ukumbi. Kisha akaingiza ukucha chini ya ukingo, na kwa mara ya kwanza aliomba Mungu rangi iwe imepenya. Haikupenya. Alikuwa fundi mzuri mno. Kijumba kilitokea cheupe, paa jekundu linang'aa, peke yake katikati ya kijani chote kile, na mbele ya mlango wake ushanga wa buluu.

Mvua ilisikika kwenye mabati.

"Hiyo ni drum ya Mama Seth," Chepkorir alisema.

Aliisema chinichini, kama mtu anayemtambua maiti. Jairus alifungua mdomo kueleza: kwamba hakuahidiwa kitu, kwamba kijumba kile ni huzuni yake tu, kwamba hata yeye anahamishwa kama wao. Maneno yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililofaa, kwa kuwa kazi ya mikono yake ilikuwa imeshasema mbele yao. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikitia kile kipande cha tepu mfukoni, kwa kukosa la kufanya na mkono.

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Waligeuka mmoja mmoja wakatoka. Lazarus ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alivaa kofia, akaitazama meza, akaichukua duara mpya ya tepu iliyokuja pamoja na ubao, karibu nzima, akaitia ndani ya koti lake.

"Ya maskini," alisema, na hakutabasamu.

Madam Christabel alimzuia Jairus ukumbini arekebishe. Alikipaka kile kijumba kijani kwa brashi, pamoja na ushanga, na sasa hapakuwa na mtu wa kumwona. Aliporudi jua lilikuwa bado lipo nyuma ya mawingu, na mvua ilikuwa imepungua kuwa ile ya rasharasha inayoweza kukaa siku nzima. Njiani alipishana na watu wa kambi wakitoka mtoni na ndoo za maji, wengi, wanaume kwa wanawake. Alijiuliza maji yote yale ni ya nini, na mvua inanyesha. Aliwasalimia. Ndoo zilipita.

Mlango wa kwanza wa Kambi ya Mto ulikuwa umebandikwa kipande cha tepu kwenye kizingiti cha juu. Wa pili pia. Alitembea polepole akitazama, safu nzima, kila mlango, kipande kimoja rangi ya uji, kimebanwa kwa ukucha ukingoni jinsi alivyowafundisha mwenyewe. Mlango wa Lazarus ulikuwa nacho. Mlango wa Chepkorir ulikuwa nacho. Mbele ya nyumba hizo mbili, ndoo zilikuwa zimepangwa, zimejaa, kama siku ile ya nyapara.

Mlango wake ulikuwa mtupu.

Eucabeth alikuwa amekaa kwenye kizingiti kando ya drum la buluu, leso mpya imeloa begani. Hakumwuliza alifanya nini wala kwa nini. Alikuwa akiangalia milango ya wenzao, akaangalia ndoo, akamwangalia yeye.

"Baba Seth," alisema, "hukubaki na kipande?"

Jairus alitia mkono mfukoni. Kilikuwemo, kidogo kama ukucha, upande mmoja kijani. Alijinyoosha akakibandika juu ya mlango, akapitisha ukucha ukingoni, taratibu, kote. Alipoutoa mkono kilianguka. Alikiokota, akakipangusa kwenye suruali, akakibandika tena, akakishikilia kwa kidole gumba, na nyuma yake alisikia watu wakianza kukusanyika kwenye njia. Hakugeuka. Aliendelea kukishikilia pale, maana gundi ilikuwa imekwisha.