Daftari la Majibu

Demetria alishafanya usaili wa kazi mara tisa asipate, na daftari lake la majibu lilichakaa, maana kila binti wa mtaani kwao Tegeta akiitwa usaili alipita kuliazima. Safari ya kumi, kwenye ofisi moja Ubungo, akawakuta watatu kati yao wamemtangulia foleni. Hata nguvu ya kununa hakuwa nayo. Daftari akaliacha mkobani. Majibu alikuwa nayo kichwani.

Zamu yake ilipofika, msaili akamuuliza udhaifu wake.

"Mtu akiniomba kitu, nashindwa kumnyima."

Yule baba akatupa kalamu mezani. "Wewe ni wa nne leo kwa jibu hilohilo! Nani anawagawia?"

Demetria akashusha pumzi, akalitoa daftari, akamsogezea.

"Mie, baba. Ndiyo udhaifu wenyewe huo."