Hasira ya Mwalimu Isipoe

Katika shule nzima ya bweni pale milimani El Kef, hakuna aliyekipenda chama cha walimu kumshinda Wissal, na Wissal hakuwa mwalimu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mchepuo wa sayansi, mwenye sita ya hesabu.

Sita kati ya ishirini. Karatasi alirudishiwa mkononi, na ile sita ilikuwa imekaa juu kabisa kwa wino mwekundu, imenona na kujikunja kama paka aliyeshiba. Baba yake, Béchir, mfugaji wa kondoo, hakuwa mtu wa maneno mengi, na mwanzoni mwa mwaka alikuwa ameshasema yote aliyonayo: wastani ukishuka chini ya kumi, Wissal anahamia kwa shangazi yake Ksar Hellal, akashone suruali za jinzi kiwandani. "Kule mashine hazina likizo," aliongeza, kana kwamba anausifia mji.

Ndipo Mungu akafungua mlango. Walimu, waliokuwa wamechoshwa na serikali tangu Wissal hajazaliwa, waliamua kuzuia alama. Walifundisha kama kawaida, walitunga mitihani, walisahihisha, wakawarudishia watoto karatasi zao; ila alama hawakuzipeleka ofisini. Ofisi bila alama haitoi ripoti, na mzazi bila ripoti hajui kitu. Wazazi walilalamika redioni. Wissal alisali rakaa mbili za shukrani.

"Watazizuia mpaka lini?" aliuliza Hadhemi, rafiki yake wa kitanda cha juu.

"Mpaka serikali iwasikilize."

"Basi shoga yangu umeokoka. Hata wajukuu zako wameokoka."

Lakini wizara nayo haikulala. Ilitangaza kwamba alama yoyote itakayofika ofisini, hata ya somo moja, itarushwa siku hiyo hiyo kwenye simu ya mzazi. Na wiki hiyo hiyo Si Lamjed, yaani Bwana Lamjed, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyewaomba radhi hata viti alipovigonga, alisikika ukumbini akimwambia mwenzake, "Lakini watoto wana kosa gani?"

Maneno hayo yalimtia Wissal baridi. Mwalimu anayewahurumia watoto ni mtu wa hatari. Kesho anaweza kupeleka alama. Wissal alihitaji kuvuta muda mpaka mtihani wa Machi tu, aizike ile sita chini ya alama bora. Kwa hiyo alijipa kazi moja, nayo aliifanya kwa moyo safi: kuhakikisha hasira ya Si Lamjed haipoi, kama birika la chai juu ya makaa.

"Samahani, mwalimu," alianza asubuhi moja, amesimama wima kama shahidi mahakamani. "Eti ni kweli waziri amesema darasa la watoto arobaini na wawili halijasongamana, limechangamka?"

Si Lamjed akaweka chaki chini. "Amesema wapi?"

"Kwenye televisheni, mwalimu. Alikuwa anatabasamu."

Siku za mwanzo alijiandaa na uongo kadhaa wa akiba. Baadaye aliutupa wote, maana ukweli ulikuwa unachoma zaidi. Wizara ikatoa waraka kwamba kila somo liandikwe kwenye mtandao kabla mwalimu hajaingia darasani, na kompyuta ya shule ilikuwa moja, iliyokuwa imelala tangu panya walipokula waya wake. Wizara ikatangaza Wiki ya Ari ya Mwalimu, ikatuma mabango yenye picha ya mshumaa unaoyeyuka kwa furaha. Wissal alikuwa anafikisha habari tu, kama mtu wa posta.

Mara moja tu alivuka mpaka. Theluji ilipoanguka, aliingia chumba cha walimu akafungua kichwa cha mtungi wa gesi wa hita, akakificha kwenye gunia la dengu jikoni. Walimu walikaa na makoti, pua nyekundu, wakiilaani wizara inayowagandisha. Wizara ikalaaniwa asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ilikuwa imeonewa.

"Umezidi sasa," alisema Hadhemi. "Mwalimu Raoudha ana mafua."

"Mafua yatapona. Msimamo ukivunjika hauponi," alijibu Wissal, lakini mchana alikirudisha.

Tatizo la mpango huu lilikuwa moja. Ili umpelekee mwalimu habari baada ya kipindi, lazima uwe na kisingizio cha kubaki. Kisingizio kinataka swali, na swali linataka uwe umesoma. Wissal akawa anabaki na swali mkononi na waziri mfukoni. Si Lamjed alijibu swali kwanza, akichora mkunjo wa grafu polepole ubaoni, na alipomaliza alisema, "Haya, leo wamesema nini tena?" Kufikia Februari Wissal aligundua jambo la aibu: kuna siku alimsahau waziri kabisa.

Wiki moja kabla ya mtihani wa Machi, Si Lamjed aliingia darasani amevaa tai. Alisema amepata kazi Oman. Alisema ili aruhusiwe kuondoka ilibidi akabidhi kila kitu ofisini, na asubuhi ile alikuwa amekabidhi alama zote.

Darasa lilipotoka, Wissal alibaki. Safari hii hakuwa na swali.

"Na chama, mwalimu? Msimamo je?"

"Chama kimeniaga kwa keki."

"Na sisi?"

Si Lamjed alicheka. "Wewe ndiye wa kuniuliza, binti yangu? Miaka yote hii nilikuwa nakasirika ovyo, leo hili, kesho lile, jioni nimesahau. Wewe ukanipangia. Kila siku sababu moja, imenyooka, na ushahidi wake. Mwisho nikajiambia, Lamjed, huyu mtoto ana hoja."

"Mimi nilitaka ukasirike tu. Sikutaka uondoke."

"Hasira si teksi, kwamba unaiambia nishushe hapa." Alifuta ubao mpaka kona, kwa makini, kama anayerudisha nyumba ya kupanga. "Sita yako nimeipeleka kama ilivyo. Ungefanya mtihani leo ningekupa kumi na tatu. Lakini leo si mimi wa kusahihisha."

Jioni simu ya bweni ikaita. "Nimeona sita," alisema baba.

"Ndiyo, baba."

"Juni tutatazama wastani." Akakata.

Wissal alipiga hesabu yake mwenyewe, na kwa bahati mbaya sasa alijua kupiga. Bila mtihani mwingine, ile sita ikibaki peke yake, wastani ulikuwa tisa na kidogo. Wizara, kwa upande wake, ilitangaza kwamba mgogoro wa alama za hesabu shuleni hapo umemalizika kwa asilimia mia. Mwalimu mwingine haikutuma. Vipindi vya hesabu vikawa vya kulala, na Wissal aliviangalia vikipita huku akizisikia cherehani za Ksar Hellal.

Mwisho wa Mei walimu waliosalia walipatana na serikali, kila upande ukaapa umeshinda. Siku chache baadaye ukaja waraka: somo lililokosa mwalimu lisihesabiwe kwenye wastani, ili mwanafunzi asidhurike. Sita ikafutwa. Wissal akapata kumi na moja.

Baba alikuja na pikapu yenye harufu ya kondoo na kopo la bsisa, unga wa nafaka za kukaanga uliokandwa kwa mafuta ya zeituni. "Kumi na moja!" alisema, akimbusu kipajini. "Vitisho ni nusu ya malezi." Alisoma ripoti kwa kidole. "Hapa kwenye hesabu kuna kistari. Kistari ni ngapi?"

"Si alama, baba. Hatukuwa na mwalimu."

"Kwa hiyo hukufeli."

"Sikufeli."

"Mungu awazidishie hekima wanaotutawala." Aliwasha gari. "Na mwakani?"

"Mwakani ni mtihani wa taifa. Hesabu imo."

"Na mwalimu wenu?"

"Yuko Oman."

Béchir alikata kona tatu akiwaza kama mfugaji anayehesabu zizi asubuhi na kukuta pungufu.

"Sasa nani alimwacha aende?"

"Serikali, baba," alisema Wissal. Nusu ya jibu hilo ilikuwa kweli. Ile nusu nyingine aliikalia njia nzima, na kabla hawajafika nyumbani alikuwa ametoa kitabu cha hesabu, amekwama mstari wa tatu, na ndani ya pikapu hakukuwa na wa kumuuliza.